Safari ya Farasi Katika Milima ya Lesotho

Lesotho, nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika ya Kusini, iliitwa Basutoland mpaka mwaka 1966. Ni nchi ya milima: hapana mahali palipo chini ya mita 1,000, na kilele cha Thabana Ntlenyana kina mita 3,482. Penye vijia ambavyo motakaa haiwezi kupita, Wasotho husafiri kwa farasi. Huwaongoza wageni pia, safari za siku kadha wa kadha, kama ile ya kwenda Semonkong kuyaona maporomoko ya maji ya Maletsunyane, yenye kimo cha mita 192.

Farasi wao ni wafupi, lakini wana nguvu na hawatelezi upesi. Hata hivyo, farasi akiumia mbali na kijiji, mpandaji hana budi kwenda kwa miguu katika baridi kali. Kwa sababu hiyo farasi hutunzwa kwanza.

Blanketi la chini ya tandiko lisiwe na kunjo hata moja, maana kunjo huleta kidonda mgongoni, na kidonda huikatiza safari. Mizigo ilingane uzito pande zote mbili. Katika kupanda mlima, mpandaji huinama mbele na kulegeza hatamu, ili farasi ajichagulie njia. Penye mteremko mkali, hushuka akamwongoza kwa mkono. Jioni, kabla hajala yeye mwenyewe, hutazama mgongo wa farasi na kuondoa mawe yaliyonasa katika kwato, kisha humpa maji na malisho.

Afanyaye hivyo kila siku hufika salama. Apuuzaye huenda akarudi amelibeba tandiko kichwani.