Matandiko ya Diani si matandiko ya Limuru

WAKENYA wa bara wanaojenga nyumba za mapumziko Pwani huwa wamepiga hesabu ya kila kitu: saruji, makuti, kisima, ua na mlinzi. Kitanda huachwa mwisho. Nyumba ikishakamilika, na fedha za kiinua mgongo zikiwa zimekaribia kwisha, matandiko yaliyozidi nyumbani Limuru, Nyeri au Eldoret hufungwa kwenye magunia na kuteremshwa hadi Diani au Watamu kwa basi. Miezi sita baadaye mwenye nyumba hufungua mlango akalakiwa na uvundo, magodoro yenye madoa meusi ya kuvu, na shuka zinazonata mkononi ingawa hakuna aliyezilalia.

Wengi hukimbilia kumlaumu mtumishi aliyeachiwa nyumba. Aghalabu mtumishi huyo hana hatia. Matandiko ya bara yamekusudiwa kuzuia baridi, ilhali katika Pwani adui wa mlalaji, na wa godoro lake, ni unyevu. Anayechagua shuka, mto au blanketi kwa ajili ya nyumba ya Pwani anapaswa kujiuliza maswali mawili kabla hajauliza bei: je, hewa inapita hapa? Na je, kitu hiki kikilowa, kitakauka upesi?

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko blanketi mbili si anasa. Mombasa, hata katika Julai na Agosti, miezi yenye baridi zaidi, joto la usiku huwa karibu nyuzi 20 za Selsiasi. Ifikapo Machi, kaskazi inapokaribia kwisha, joto hubakia nyuzi 24 au 25 hadi alfajiri. Unyevu wa hewa nao huwa asilimia 75 au zaidi sehemu kubwa ya mwaka, na hupanda zaidi giza linapoingia. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, lakini jasho lisilokauka halipozi chochote. Hewa ikiwa imekwisha kujaa maji, jasho hukauka polepole, na kitambaa cha kitandani kikilizuia pia, mtu hubaki akigaagaa usiku kucha.

Kuna chumvi vilevile, jambo ambalo watu wa bara hawalitambui kwa urahisi. Upepo wa bahari hubeba chembechembe zake na kuziweka juu ya kila kitu. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani hadi ikayeyuka yenyewe mara unyevu ufikapo takriban asilimia 75. Ndiyo maana chumvi ya mezani hugandamana ndani ya kikopo katika nyumba nyingi za Mombasa. Shuka iliyoanikwa mkabala na ufuo, au iliyosuuzwa kwa maji ya kisima yenye chumvi, huwa imebeba mtego wa maji ndani ya nyuzi zake. Hukauka mchana jua likiwaka, na ifikapo saa nne usiku huwa imerudi ubichi. Shuka hizo zisuuzwe mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya mfereji, kisha zianikwe upande wa nyumba usiokabili bahari. Hii ni kazi ndogo, na mara nyingi hutosha kuondoa ule mnato ambao watu huulaumu joto.

Tukija kwenye kitambaa chenyewe, pamba haijapata mshindani kwa bei yake. Katika hewa ya wastani pamba hushika unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, na kitani takriban asilimia 12, ilhali poliesta haifiki hata asilimia 1. Maana yake ni kwamba pamba hulipokea jasho, ikalisambaza na kuliachia hewani, lakini poliesta huliacha juu ya ngozi. Zile shuka laini mno zinazouzwa kwa jina la maikrofaiba ni poliesta ileile, ila nyuzi zake zimefanywa nyembamba sana. Huvutia dukani na huchosha kitandani. Kitani ni bora kuliko vyote kwa joto, lakini bei yake ni ya wenye hoteli.

Neno "pamba" kwenye karatasi ya pakiti lisiaminiwe peke yake. Mnunuzi anaweza kuomba uzi mmoja uliochomoza kwenye pindo, akatoka nje ya duka na kuuchoma kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka, ikajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji asiyeficha neno hatakataa jaribio hilo, awe katika Barabara ya Biashara mjini Mombasa au katika vibanda vya mitumba vya Kongowea. Na kwa kuwa mitumba imetajwa, shuka kuukuu za pamba kutoka humo mara nyingi huwa bora kuliko mpya za bei hiyohiyo: zimefuliwa mara nyingi hata zikalainika, na kama zingekuwa za kuchujuka zingekuwa zimekwisha kuchujuka.

Ufumaji nao una uzito wake. Katika ufumaji wa kawaida kabisa, uzi wa mshindio hupita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya ule unaofuata, na kitambaa huwa chepesi, kikavu mkononi na chenye kupitisha hewa. Katika ufumaji wa satini, uzi hupita juu ya nyuzi kadhaa kwa mpigo. Kitambaa hung'aa na kuteleza, lakini husongamana na kuhifadhi joto. Kwa Pwani chagua ule wa kwanza. Wala usibabaishwe na tarakimu zinazoandikwa kwenye pakiti, nyuzi 800, nyuzi 1,000, kana kwamba ni mnada. Nyuzi kati ya 200 na 300 katika inchi moja ya mraba zinatosha sana. Zinapozidi mno, aghalabu mtengenezaji amehesabu kila kijiuzi kilichosokotwa ndani ya uzi mmoja, au amefuma kitambaa kizito kisichopumua.

Rangi nyeupe inafaa, si kwa ajili ya urembo bali kwa sababu huweza kuchemshwa na haina cha kuchujuka juani. Shuka zenye mpira pembeni hazidumu katika joto na chumvi, mpira hulegea. Isitoshe, vitanda vya kuchongwa vya Lamu na samadari za mafundi wa Pwani mara nyingi havifuati vipimo vya viwandani. Shuka bapa na pana, inayokunjwa chini ya godoro, hufaa kitanda chochote. Idadi ya busara ni jozi tatu kwa kila kitanda: moja ikiwa imetandikwa, moja kwa dhobi, moja kabatini. Wakati wa masika, Aprili na Mei, shuka inaweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka, na hapo ndipo jozi ya tatu huonekana thamani yake.

Kuhusu cha kujifunika, wenyeji walikwisha kutoa jibu. Leso au kikoi cha pamba hutosha katika miezi ya kaskazi. Lihafu zito, hata lile linalouzwa kwa jina la "jepesi", lisivuke Voi. Hata hivyo si vyema kuondoa blanketi zote. Upepo wa kusi unapovuma Julai, na hasa kwa wazee na watoto wachanga, blanketi moja nyembamba ya pamba kwa kila kitanda huhitajika alfajiri.

Mito na magodoro ya zamani ya Pwani yalijazwa sufi au usumba, na hilo halikuwa suala la umaskini. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani yake na umepakwa nta ya asili inayokataa maji, hivyo mto wake hubaki mwepesi na mkavu. Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, huacha nafasi kubwa za hewa na hauozi haraka. Sufi ina kasoro mbili: hugandamana baada ya muda ikahitaji kuchambuliwa upya, na hushika moto upesi. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwekwe kamwe chini ya kitanda chenye godoro la aina hiyo.

Godoro la sponji linafaa likiwa gumu na lisilozama mno, maana kadiri mwili unavyozama ndivyo joto linavyofungiwa. Lile karatasi la nailoni linalokuja nalo kutoka kiwandani liondolewe siku hiyohiyo. Kuna wanaoliacha miaka mitano ili kulinda godoro, na matokeo yake ni kulihifadhi jasho. Badala yake livalishwe mfuko wa pamba nzito wenye zipu, unaoweza kufuliwa kwa maji ya nyuzi 60 za joto. Maji hayo huua utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hustawi penye unyevu na huwachochea wagonjwa wa pumu. Magodoro ya springi huliwa na kutu. Na lolote litakalochaguliwa, lilazwe juu ya chaga zenye nafasi ya vidole viwili au juu ya kitanda cha kamba, wala si juu ya ubao mzima, na kamwe si juu ya sakafu.

Limebaki tandiko ambalo wenye nyumba wengi hulihesabu kuwa pambo, nalo ni chandarua. Kwa maoni yangu hiki ndicho kingenunuliwa kwanza, kabla hata ya shuka. Mtoto aliyekulia Limuru hana kinga ile kidogo ambayo mtoto wa Kilifi huijenga kwa kuumwa na mbu mara kwa mara. Dalili za malaria nazo huchukua siku saba au zaidi kujitokeza, kwa hivyo familia huwa imekwisha kurudi bara homa inapoanza, na daktari asipoambiwa kuhusu safari anaweza kupoteza muda wa thamani. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka wa 1996 ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban theluthi moja, na waliolazwa hospitalini kwa malaria kali kwa asilimia 44.

Kile chandarua cha mviringo kinachoning'inia kutoka kwenye pete moja, kama shela ya bi harusi, hupendeza katika picha za matangazo. Lakini huwa chembamba juu na hugusa mikono na miguu ya mlalaji, na mbu humuuma mtu kupitia kwenye wavu. Chandarua cha pembe nne kikifungwa kwenye nguzo za samadari au kwenye ndoana nne za dari huacha nafasi pande zote, na kinapaswa kuwa kirefu kiasi cha kuchomekwa chini ya godoro. Kipimo cha kawaida cha matundu ni 156 katika inchi moja ya mraba. Wavu hupunguza upepo wa feni, hivyo kikubwa ni bora kuliko kidogo. Kwa kuwa mbu wa sehemu nyingi za Afrika wamezoea dawa ya kale, Machi 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza vyandarua vyenye dawa ya pili ndani yake. Anayenunua leo aulizie hivyo. Chandarua cha dawa hufuliwa kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, bila kemikali za kung'arisha, na huanikwa kivulini, kwani jua huharibu dawa.

Nyumba inapofungwa baada ya likizo, vitanda viachwe vitupu. Shuka zikaushwe kabisa juani, zikunjwe na kutiwa katika mifuko ya kitambaa, si ya plastiki, katika kabati lenye milango ya vibao vinavyopitisha hewa. Magodoro yasimamishwe kwa ubavu, mbali na ukuta. Anayebaki na ufunguo apewe agizo moja la wazi: mara moja kwa juma, siku isiyo na mvua, afungue madirisha yote kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, kisha ayafunge kabla unyevu wa jioni haujaingia. Kufukiza udi ni hiari yake. Harufu itakuwa nzuri, lakini godoro halitakauka kwa udi.