Ukuta wa Sentimita 80: Utangulizi wa Majaribio ya Modeli za Mabwawa

Kama ulifungua kitabu hiki ukiogopa kukutana na milinganyo tangu ukurasa wa kwanza, tulia. Tunaanza na gololi.

Zipange gololi sita sakafuni, zigusane, kisha ipige ya kwanza kwa gololi ya saba. Za katikati zinabaki karibu pale pale. Ya mwisho ndiyo inayochomoka mbio. Pigo limepita ndani ya zote na kutokea upande wa pili. Ukilishika hilo, umeshika sehemu kubwa ya yale yanayoupata ukuta wa bwawa mlipuko unapotokea majini kando yake.

Kabla hatujaenda mbali, tukubaliane kuhusu neno moja. Kwa Kiswahili bwawa ni maji yaliyokusanywa, na mara nyingi ni kile kilichoyazuia pia. Humu nitasema “ukuta” kila ninapomaanisha kizuizi chenyewe. Aina tutakayoishughulikia zaidi ni ukuta wa uzito, yaani ule ambao uzito wake wenyewe ndio unaouzuia usiteleze wala kupinduliwa na maji. Ukuta mkuu wa Bwawa la Julius Nyerere, mtoni Rufiji, ni wa jamii hiyo. Hujengwa kwa zege, na zege lina tabia moja ambayo usiisahau hata usingizini: libane litavumilia, livute litapasuka. Uwezo wake wa kustahimili mvutano ni takriban moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kustahimili mgandamizo.

Sasa turudi majini. Mlipuko huzaa wimbi la mshtuko, yaani msukumo mkali wa ghafla unaosafiri. Hewani sauti huenda kama meta 340 kwa sekunde. Majini huenda karibu 1,500, na wimbi la mshtuko halikubali kuwa nyuma ya sauti. Wimbi hilo linaingia kwenye zege kama mgandamizo, na zege linavumilia. Linapofika upande mkavu linakuta hewa, ambayo haina nguvu ya kulizuia. Basi linageuka na kurudi lilikotoka, safari hii likiwa mvutano. Hapo ndipo tabaka la zege la upande mkavu linapotaka kuchomoka kama gololi ya mwisho. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hushangaa kila mara: mlipuko ulikuwa upande wa maji, mbona vipande vimeruka upande mwingine?

Tutayajuaje haya kwa hakika? Hakuna mwenye bwawa atakayekuruhusu ulijaribie. Kwa hiyo tunajenga modeli, yaani ukuta mdogo unaofuata skeli, ule uwiano wa vipimo unaoujua kutoka kwenye ramani.

Mfano maarufu kuliko yote ni wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ukuta wa Möhne, nchini Ujerumani, ulijengwa kwa mawe kati ya 1908 na 1913. Kimo chake ni meta 40 hivi na urefu wake meta 650. Ni wa mawe, sawa, lakini nao ni ukuta wa uzito na nao hauwezi mvutano. Katika baridi ya 1940 na 1941 Waingereza walijenga modeli yake huko Garston, kaskazini mwa London, kwa matofali madogo ya mota na kwa skeli ya 1:50. Meta 40 zikawa sentimita 80, kimo kinachomfika mtu mzima mapajani.

Hapa wengi hujikwaa. Urefu ukipungua mara 50, kilipuzi hakipungui mara 50. Kilipuzi ni ujazo, na ujazo una urefu, upana na kimo. Vyote vitatu vikipungua mara 50, ujazo hupungua mara 125,000. Tani moja inakuwa gramu 8, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Mwingereza Bertram Hopkinson ndiye aliyeieleza kanuni hii mwaka 1915: punguza kila kipimo kwa skeli moja, na shinikizo la wimbi katika sehemu zinazolingana litabaki lile lile, ila litadumu kwa muda mfupi zaidi, kwa skeli hiyo hiyo. Kwangu mimi hii ni moja ya zawadi nzuri kabisa ambazo fizikia imewapa wahandisi.

Zawadi hiyo, hata hivyo, ina kasoro, na sehemu kubwa ya kitabu hiki ni juu ya kasoro hiyo. Kuna vitu ambavyo havikubali kupunguzwa. Cha kwanza ni nguvu ya dunia ya kuvuta vitu chini. Chukua nguzo ya zege ya kimo cha meta 40: kila meta ya mraba ya kitako chake inabeba karibu tani 96. Ile ya sentimita 80 haibebi hata tani mbili. Maana yake, modeli ya ukuta wa uzito imepungukiwa na uzito wenyewe! Nguvu ya mota imebaki karibu pale pale, ilhali mzigo wake wa kila siku umepungua mara 50.

Njia moja ya kuziba pengo ni kukuza modeli. Huko Nant-y-Gro, Wales, kulikuwa na ukuta mdogo usiotumika tena, takriban moja ya tano ya ule wa Möhne. Mei 1942 kilipuzi kililipuliwa mbali kidogo nao, ukasimama. Katikati ya majaribio hayo mtafiti A. R. Collins aligundua kwa modeli ndogo kwamba kilipuzi kinachogusa ukuta hufanya kazi tofauti kabisa na kilicho mbali, kwa kuwa maji yaliyo nyuma yake hukikandamiza kwenye ukuta. Tarehe 24 Julai ukuta wa Nant-y-Gro ulitoboka katikati. Usiku wa 16 kuamkia 17 Mei 1943 ukafuata ule wa Möhne wenyewe, ulipobomolewa kwa mabomu ya ndege za Waingereza, na mafuriko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu elfu moja, wengi wao vibarua wa kulazimishwa waliotoka nchi nyingine. Mwaka 1977 Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza kwa Mikataba ya Geneva ilipiga marufuku kushambulia mabwawa pale ambapo maji yakiachiwa yataangamiza raia wengi. Siku hizi majaribio haya hufanywa zaidi kwa ajili ya kujua ukuta utastahimili nini na uimarishwe wapi.

Njia ya pili ni sentrifuji, mashine inayozungusha modeli kwa kasi mpaka kila kitu ndani yake kinakuwa kizito. Modeli ya 1:50 huzungushwa mpaka uzito wake uongezeke mara 50, na kitako chake kinabeba mzigo wa ukuta halisi. Mara ya kwanza kuisikia nilidhani ni mzaha.

Kitu cha pili kinachogoma ni muda. Kwa kuwa pigo la modeli ni la haraka mara 50, na zege linalopigwa haraka huonekana gumu zaidi, modeli inaweza kukudanganya kwa kusimama pale ambapo ukuta halisi ungepasuka.

Cha tatu ni kokoto. Ufa kwenye zege haunyooki. Unazunguka kokoto moja baada ya nyingine, na mzunguko huo ni sehemu ya uimara wake. Kokoto ya milimita 50 kwa skeli yetu ni chembe ya mchanga ya milimita moja. Kwa hiyo tunapika zege jipya kabisa, lenye mchanga uliochaguliwa chembe kwa chembe, lipasuke kama lile kubwa. Ndiyo maana sura ya kwanza haina mlipuko hata mmoja. Ina chekeche, mizani na ndoo ya saruji.