Kufikiri Kuna Mpaka Wake

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja yasema haraka haraka haina baraka; ya pili yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mkuu wa kikosi, au askari polisi aliye zamu peke yake usiku, huzibeba zote mbili. Asipojua wakati wa kila moja, husimama pale pale akiwaza na kuwazua, huku saa ikienda.

Sisi tulio katika utumishi wa ulinzi twaweza kujifunza kwa Jenerali Dwight Eisenhower. Mwezi Juni 1944 alikuwa Amiri Mkuu wa majeshi yaliyojiandaa kuvuka bahari kutoka Uingereza ili kuikomboa Ufaransa mikononi mwa Wajerumani. Siku iliyopangwa ilikuwa tarehe 5. Alfajiri ya tarehe 4, kwa sababu ya dhoruba, aliamuru shambulio liahirishwe, na meli zilizokwisha ng'oa nanga zikarudishwa.

Usiku wa siku hiyo hiyo aliwakutanisha makamanda wake karibu na mji wa Portsmouth. Mtaalamu wa hali ya hewa, James Stagg, alieleza kwamba dhoruba ingepungua kwa muda mfupi. Jenerali Montgomery alitaka waende. Leigh-Mallory, mkuu wa ndege za vita, aliingiwa na shaka kwa ajili ya mawingu. Wajuzi walikwisha sema, na shaka haikwisha.

Eisenhower hakudai uhakika usiopatikana. Aliipima pia hasara ya kungoja: maji ya bahari yangefaa tena baada ya wiki mbili hivi, na katika muda huo siri ingeweza kuvuja. Akaamua waende, na alfajiri ya tarehe 5 akauthibitisha uamuzi wake. Kisha akaandika kwa mkono wake taarifa fupi ya kutolewa endapo wangeshindwa, akisema kwamba lawama yote ni yake.

Tarehe 6 askari wapatao 156,000 waliingia Normandy. Tarehe 19, katika siku zile ambazo wangezingoja, dhoruba kali iliipiga pwani hiyo na kuivunja bandari ya muda ya Wamarekani.

Tuangalie basi: mtu yule yule aliyesema "ngojeni" alfajiri ndiye aliyesema "twende" usiku. Alfajiri alingoja kwa sababu. Usiku sababu ilipungua, na iliyobaki ilikuwa hofu tu. Hapo ndipo mpaka ulipo. Ndugu askari, jiulize: je, nikingoja zaidi, nitapata habari nisiyokuwa nayo sasa? Ikiwa ndiyo, subiri, nawe uweke saa ya mwisho. Ikiwa siyo, toa amri iliyo wazi, na uwe tayari kuijibia. Walio chini yako wanaweza kumtii kiongozi mwenye shaka moyoni; hawawezi kutii amri ambayo haijatolewa.