Saa kumi ya nani?

Nilikwenda Darajani, Unguja, kubadilisha kioo cha simu, nikarudi na swali ambalo mpaka leo halijanitoka.

Mezani kwa fundi, katikati ya betri zilizovimba na kopo la bisibisi, palikuwa na kompyuta mpakato iliyong'olewa kioo. Bawaba zimekatika, vitufe vitatu havipo, na juu yake imebandikwa karatasi yenye neno moja la kalamu nzito: USIZIME. Waya mmoja umechomekwa kwenye umeme, mwingine unaishia kwenye modemu ya laini. Nikadhani ni mali ya mteja.

"Hiyo ya mama angu," fundi akasema bila kuinua kichwa.

"Anaitumia hivyo hivyo?"

"Hajawahi hata kuiona, dada. Inamwambia maji yanapwa saa ngapi."

Mama yake analima mwani upande wa mashariki wa kisiwa. Kazi hiyo ilianza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi wanaoifanya ni wanawake, na ratiba yao haipangwi na bosi bali na bamvua: mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na vigingi na kamba zikabaki wazi. Mwanamke aliyeifanya kazi hiyo miaka yote haihitaji kompyuta imkumbushe. Anatazama mwezi, basi.

Kijana huyo, aliyeniomba nisimtaje jina, analijua hilo. "Mie sikumtengenezea kwa sababu anahitaji. Nilitaka kitu cha kufanyia mazoezi. Nimetazama video za programu mwaka mzima kwenye simu. Ukitazama unaelewa. Ukifunga video, huna kitu."

Akachukua jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, akaliingiza mwenyewe kwenye mashine, safu kwa safu, usiku baada ya kufunga kazi. Akaandika programu fupi: kila jioni itafute safu ya kesho, itunge ujumbe, iusukume kupitia modemu hadi kwenye kitochi cha mama. Kazi ya wikiendi moja, alidhani.

Ujumbe wa kwanza ulisema maji yatapwa 07:00, wakati jedwali lilisema 10:00. Mashine ilikuwa inahesabu kwa UTC, saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Akatafuta, akakuta kwamba mashine ina orodha ya majira ya nchi zote, akachagua Dar es Salaam. Hapo akagundua jambo lililomchekesha: kwenye orodha hiyo Dar es Salaam ni jina tu linaloelekeza kwenye faili la Nairobi, maana saa za miji hiyo ni zilezile. "Nipo Unguja, nimechagua Dar, nasomewa saa ya Nairobi," akasema. "Lakini namba ilikuwa sawa. Nikalala usingizi mzuri."

Asubuhi mama akapiga simu. Ujumbe ulisema 10:00. Mama alisoma saa kumi.

"Akaniambia, mwanangu, saa kumi pwani hapana kigingi, pana bahari."

Hapa ndipo fundi alipoweka bisibisi chini. Akageuza risiti, akachora mstari, akaugawa kwa nukta. Saa za Kizungu zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane, zetu zinaanza jua linapochomoza, na kati ya hesabu hizo mbili kuna saa sita. Kisha akachora wimbi juu ya mstari uleule. Kutoka maji kupwa hadi maji kujaa ni saa sita na dakika kama kumi na mbili.

"Umeona?"

Sikuona mara moja. Akagonga karatasi kwa kidole.

"Ningekosea saa moja, angefika mapema akasubiri. Ningekosea saa tatu, angekuta maji nusu. Nimekosea saa sita! Katika kazi nyingine yoyote hilo ni kuchelewa tu. Kwenye maji ni kinyume chake khasa. Nimemwambia mama angu akafunge mbegu bahari ikiwa imejaa pomoni."

Nimeitunza risiti hiyo. Mstari mmoja, wimbi moja, na kosa lililoangukia mahali pabaya kuliko pote.

Kulirekebisha hakukuwa rahisi kama kutoa sita. Kumi toa sita ni nne, sawa. Lakini 03:00 toa sita haipo, na 06:00 toa sita ikatoka sifuri. Mama akapokea ujumbe kwamba maji yatapwa saa 0 asubuhi, akauliza hiyo saa sifuri ndiyo ipi. Baada ya aibu hiyo kijana akaandika majaribio ishirini na manne, moja kwa kila saa ya siku, na Git, inayomtunzia kila badiliko, ikapewa amri: jaribio moja likishindwa, badiliko halitoki. Hakufundishwa hivyo na mwalimu. Alichoka kuchekwa na mama.

Mengine yalikuja yenyewe. Umeme ukakatika, ukarudi, mashine ikawaka lakini programu haikuamka. Akajifunza kuiandikisha ianze pamoja na mashine. Kumbukumbu za makosa ya modemu zikajaza diski mpaka kila kitu kikasimama, akajifunza kuzipunguza. Siku moja alibadilisha msimbo palepale kwenye mashine inayofanya kazi, akitaka kuwahi daladala. Ujumbe mmoja ukatumwa mfululizo hadi salio likaisha. Tangu hapo hagusi kitu akiwa na haraka.

Kazi hii ina jina kubwa, devopsi, lililoanza kuvuma mwaka 2009 baada ya mkutano ulioitishwa na Patrick Debois mjini Ghent, Ubelgiji, na shabaha yake ilikuwa kuwapatanisha wanaounda programu na wanaoziendesha. Mezani Darajani hapakuwa na wa kupatanishwa. Wote wawili wamekalia kigoda kimoja. Na mashine yenyewe inaendeshwa na Linux, ambayo Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, aliitangaza kuwa kazi ya kujifurahisha tu.

Nikamuuliza anajuaje mashine ikifa usiku. Makampuni hununua mifumo ya kuwaamsha wahandisi.

"Ujumbe usipofika, mama ananipigia. Haulizi maji. Anauliza, unaumwa?"

Aliwahi kuomba kazi ya kutunza seva. Wakamtaka cheti. "Karatasi niliyokuwa nayo ni moja," akasema, akiionyesha ile ya USIZIME. Hakucheka, nami sikujua niseme nini. Ni kweli kwamba hana wa kumkagua, na sina kipimo cha kusema anachojua kinatosha kwa benki au hospitali. Ila najiuliza ni cheti gani kinachompima mtu kwa kosa la saa sita, na ni mwajiri gani ana subira ya kusoma risiti yenye wimbi. Na akipata hiyo kazi, nani atabaki na mashine?

Simu yangu ilikuwa tayari. Nikalipa, nikawa nainuka.

"Moja sijaliweza," akasema. "Tarehe. Mashine inageuza siku saa sita usiku. Mama anaigeuza magharibi. Akisema usiku wa Ijumaa, ni ule wa kuamkia Ijumaa. Wateja wangu wengine wanasema ni ule unaofuata baada ya Ijumaa yenyewe. Sasa niandike msimbo wa nani? Wewe, dada, usiku wa Ijumaa kwako ni upi?"

Nilimjibu. Akaliandika jibu langu kwenye daftari, chini ya mengine mengi yasiyokubaliana.