Raha za kwetu katika baridi ya Eldoret: cha kubeba na cha kubadilisha

Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni safari ya karibu kilomita 800, na kila mwaka kuna watu wetu wanaoikata: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, walimu waliohamishwa, wauguzi, wafanyabiashara, na mabinti walioolewa bara. Mizigo yao unaijua hata kabla haijafunguliwa. Kuna mkeka, kanga na kikoi, chupa ya mafuta ya nazi, iliki na tangawizi, udi na chetezo chake, na pengine seredani ndogo ya kupikia. Mama anayempakilia mwanawe vitu hivi anajua anachokifanya. Anataka chumba kile cha kupanga, kiwe West Indies au mtaa mwingine wowote wa Eldoret, kinuke kama nyumbani na kikae kama nyumbani.

Nia hiyo ni njema, na wazee walishasema mwacha mila ni mtumwa. Lakini liko jambo ambalo sisi watu wa pwani hatulifikirii kwa sababu tumezaliwa ndani yake. Nyingi ya raha zetu ndogo hazikamilishwi na sisi peke yetu. Nusu ya kazi inafanywa na joto, na nusu nyingine na upepo wa bahari. Ukizibeba raha hizo kwenda mahali pasipo joto wala upepo ule, baadhi zitagoma tu, nawe utacheka. Moja inaweza kukuua usingizini. Ni vizuri kuzijua zote, kisha kuitambua hiyo moja.

Hewa ya huko si hii

Mombasa iko usawa wa bahari. Eldoret iko juu, kwenye mita 2,100 hivi. Kwetu hata usiku wa Julai, wakati wa kusi, joto halishuki mbali chini ya nyuzi 20. Eldoret usiku kama huo hushuka hadi karibu nyuzi 10. Mchana jua huwaka vizuri na mgeni hudanganyika, akavua sweta na kusema baridi ni maneno ya watu. Magharibi ikiingia, sakafu ya saruji inakuwa baridi kama sahani ya barafu, na bati lililokuwa likichoma mchana linauacha ujoto wote uende zake.

Jambo la pili halionekani. Kadiri unavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi. Kwenye mita 2,100, kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya tano ukilinganisha na pumzi ya Kilindini. Ndiyo sababu mgeni huhema akipanda ngazi wiki ya kwanza. Wanariadha wa huko wamezaliwa katika hewa hiyo na miili yao imeizoea. Wako bado.

Mafuta, mahamri na mbaazi

Tuanze na raha zinazogoma bila kudhuru.

Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Pwani chupa hukaa maji mwaka mzima, kwa hiyo wengi wetu tunadhani hiyo ndiyo hali yake ya asili. Eldoret utayakuta meupe na magumu kama samli. Hayajaharibika wala hukuuziwa yaliyochanganywa. Iweke chupa ndani ya kopo la maji ya moto kwa dakika chache, yatarudi kuwa maji. Bora zaidi uyahamishie kwenye mkebe wenye mdomo mpana, uwe unachota kwa kijiko.

Mahamri nayo yatakuaibisha mara ya kwanza. Hamira ni kitu hai, na hupenda ujoto. Unga uliokandwa Mombasa na kufunikwa kwa kitambaa huumuka ukiwa unaendelea na kazi nyingine. Unga ule ule ukiuacha juu ya meza Eldoret jioni, utalala nao usiku kucha. Usiongeze hamira, maana yatanuka uchachu. Ongeza ujoto: kanda kwa tui la vuguvugu, kisha weka bakuli la unga ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, pembeni yake kikombe cha maji ya moto. Maji yakipoa, badilisha. Au kanda usiku, uache polepole yake, ukaange alfajiri.

Mbaazi za nazi ndizo zinazokera zaidi. Maji ya pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa sababu hewa ya Eldoret ni nyepesi, maji hayahitaji kufika huko ili yachemke. Huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Utayaona yakitokota kwa fujo, lakini ujoto wake ni mdogo kuliko uliouzoea, na kuongeza moto hakusaidii kwa sababu maji yakishachemka hayapandi tena. Kwa hiyo mbaazi na maharagwe huchukua muda mrefu zaidi kuiva. Loweka tangu usiku, funika sufuria, na ukiweza nunua sufuria ya presha, ambayo kazi yake hasa ni kuurudisha ndani ya chombo ule mgandamizo wa hewa uliouacha pwani.

Na Ramadhani, jihadhari na raha nyingine ya nyumbani: kufuturu kwa adhana ya redio ya Mombasa kwenye simu. Eldoret iko mbali upande wa magharibi, na huko jua huchelewa kuzama baada ya Mombasa kwa kati ya dakika 10 na 25 hivi, kulingana na mwezi. Ukitia tende mdomoni kwa adhana ya kwetu, umefungulia mchana. Fuata msikiti wa hapo ulipo.

Seredani ndani ya chumba

Sasa tufike kwenye raha isiyosamehe.

Pwani tumekua na moto wa makaa. Seredani iko uani, dele la kahawa liko barazani na makaa yake chini, chetezo kinazungushwa vyumbani baada ya magharibi. Hatukuambiwa kuwa makaa ni hatari, na kwa namna tulivyoishi nayo hayakuwa na hatari kubwa. Angalia nyumba zetu zilivyojengwa. Moto hupikiwa nje au kwenye ua ulio wazi juu. Madirisha hayafungwi, kwa sababu ukiyafunga utakufa kwa joto. Paa la makuti linapumua. Upepo wa kaskazi au kusi unapita toka mlango huu hadi ule. Kila kinachotoka kwenye makaa kinachukuliwa kabla hakijajaa. Usalama ule haukuwa wa seredani. Ulikuwa wa nyumba.

Mchukue sasa kijana yule yule, umweke katika chumba kimoja chenye dirisha moja, usiku wa nyuzi 10. Amemaliza kupika chai. Makaa bado mekundu, ujoto wake mtamu, hayana moshi hata kidogo. Anaiingiza seredani ndani, anafunga dirisha, anasokomeza kanga chini ya mlango ili baridi isipite, na anajifunika. Hajafanya lolote ambalo mtu mwenye baridi asingelifanya. Lakini ameiondoa ile sehemu ya nyumba iliyokuwa ikimlinda.

Makaa yanapoungua mahali penye hewa chache, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ikiingia mapafuni hupita hadi kwenye damu, na huko hushika pale pale ambapo oksijeni ilipaswa kushika, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka kama kawaida, ila haibebi tena kile mwili unachokihitaji. Na huko juu, kama tulivyoona, oksijeni yenyewe tayari ni pungufu.

Dalili zake huja kama mambo madogo: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Mtu aliye macho anaweza kudhani ni uchovu wa safari au malaria. Mtu aliyelala hadhani chochote. Wepesi wa kudhurika ni watoto, waja wazito na wenye ugonjwa wa moyo.

Yako maneno matatu yanayopita mitaani, na yote matatu si kweli.

La kwanza, kwamba makaa yakishashika na kuwa mekundu hayana madhara kwa kuwa moshi umekwisha. Moshi unaouona ni kitu kimoja, gesi hii ni kitu kingine, na makaa mekundu huitoa hadi yazimike.

La pili, kwamba ukiweka beseni la maji karibu na jiko, maji yatainyonya sumu. Gesi hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumfaa mtu.

La tatu, kwamba jiko lenye udongo ndani ni salama kwa kulalia. Udongo ule unasaidia kuhifadhi ujoto na kupunguza makaa yanayotumika, lakini gesi ni ile ile.

Kanuni basi ni fupi. Jiko la makaa halilali ndani, liwe limewaka au linaelekea kuzima. Likiingia kwa kupikia mvua inaponyesha, dirisha na mlango viwe wazi, na likimaliza kazi litoke. Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua kila kitu, mtoe nje kwenye hewa, litoe jiko, kisha mpeleke hospitali hata kama amezinduka, kwa sababu huko ndiko atakakopewa oksijeni. Eldoret ina Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na kila dereva wa bodaboda anaijua njia.

Udi nao usiachwe. Kaa moja la kufukizia si sawa na seredani nzima, lakini nalo ni kaa. Fukiza mapema jioni dirisha likiwa wazi, zungusha kwenye nguo na mashuka, kisha kitoe chetezo nje kabla ya kulala. Harufu hubaki kwenye kitambaa. Moto hauna haja ya kubaki. Siku hizi viko pia vyetezo vya umeme, na kwa chumba kidogo vinafaa zaidi.

Joto bila moto

Je, mtoto wa pwani alale akitetemeka? La. Watu wa huko wana raha zao za baridi, na za kwetu zinaweza kusaidiana nazo.

Kwanza, lichukue jua lingali bure. Fungua mapazia mchana, hasa dirisha la mashariki, kisha yafunge jua linapozama ili ujoto usitoroke. Kuoga kuwe alasiri. Pili, usilale karibu na sakafu. Mkeka peke yake juu ya saruji ni raha ya Lamu. Eldoret uutandike juu ya zulia au boksi lililokunjuliwa, maana sakafu hunyonya joto la mwili. Tatu, vaa tabaka. Kanga mbili juu ya shuka na chini ya blanketi hutega hewa katikati yake, na hewa iliyotegwa ndiyo inayokupa joto. Blanketi lenyewe usilibebe kutoka pwani. Eldoret ni mji wa viwanda vya nguo, na Ken-Knit ya huko inajulikana kwa sweta na blanketi zake. Nne, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa taulo, ikatiwa miguuni, hufanya kazi yote uliyotaka seredani ikufanyie.

Kisha kuna vya kunywa. Tangawizi na iliki ulizobeba zitapata huko maziwa mabichi mazito. Wenyeji wa Kikalenjin watakukaribisha mursik, maziwa ya mgando yanayohifadhiwa katika kibuyu kilichopakwa ndani majivu ya mti maalumu. Mgeni wa kwanza huona ladha ya moshi, wa pili huomba tena.

La mwisho ni baraza, nayo haibebeki kwenye basi. Kwetu mtu akikosa kuonekana barazani asubuhi, wenziwe hupaza sauti: fulani kaamkaje? Katika mitaa ya kupanga kama West Indies kila mlango una kufuli yake, na mtu anaweza kukaa muhula mzima asimjue wa pili yake. Huko ndiko baraza inakohitajika zaidi. Mwambie mwanao apige hodi kwa jirani siku ya kwanza, apeleke sahani ya mahamri hata kama hayakuumuka sawasawa, wabadilishane namba za simu. Gesi ya makaa humnyang'anya mtu uwezo wa kujiokoa mwenyewe, kwa hiyo anahitaji mwenzake wa kushangaa kwamba mlango haujafunguliwa saa mbili asubuhi.

Mpakilie udi, mkeka na iliki. Seredani ikiwa lazima iende, iende na maneno haya: mahali pake ni nje.