Kodi ya Miezi Sita Inavyojenga Nyumba za Dunda

Mjini Bagamoyo, mwenye nyumba anapomkabidhi mpangaji ufunguo, mara nyingi huwa ameshapokea kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima. Fedha hizo hazikai. Zinanunua mabati ya chumba cha pili, zinaweka madirisha, zinamlipa fundi aliyesimamisha kazi kwa kukosa ujira. Katika kata ya Dunda, vyumba vingi vya kupanga vimesimama kwa mwendo huo, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, na paa siku Mungu akijalia.

Kwa nini watu hawaendi benki? Wapo wanaokwenda, lakini hesabu huwarudisha nyumbani. Tuchukue mfano wa mtu anayejenga vyumba vinne kwa shilingi milioni 40, kila kimoja akikipangisha kwa 60,000 kwa mwezi. Vikijaa mwaka mzima bila pengo, anapata 2,880,000. Kama milioni 40 hizo ni za mkopo wa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni milioni 6. Kodi haifikii hata nusu yake, na hapo hajakarabati choo, hajamlipa dalali, wala hajatoa kodi ya zuio ya asilimia 10 inayodaiwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye pango.

Nchi imejaribu kulitatua jambo hili zaidi ya mara moja. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza katika miaka ya 1970, ilianguka mwaka 1995. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kuwakopesha wananchi kwa miaka mingi. Muda wa kulipa umerefuka kweli. Riba ndiyo ambayo bado ni mzigo kwa mtu anayetegemea kodi ya chumba na sebule.

Kuna pia suala la hati. Viwanja vingi vya mjini vimebadilishana mikono kwa karatasi ya mauziano iliyosainiwa serikali ya mtaa, na kwa karatasi hiyo ni vigumu kupata mkopo wa nyumba. Aliye na hati naye, kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka apate ridhaa ya mwenzi wake kabla ya kuiweka rehani. Ni kinga ambayo haifai kulegezwa hata kidogo, maana imewaokoa wanawake wengi waliokuwa hatarini kuamka na kukuta nyumba inapigwa mnada. Na kwa Waislamu wengi wa pwani riba yenyewe ni haramu. Tangu Amana Bank ilipofunguliwa mwaka 2011, wamepata njia nyingine: benki inanunua vifaa vya ujenzi, kisha inamuuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo.

Wanaobaki hutegemea vikoba na SACCOS. Hapo pana hatari isiyosemwa vya kutosha. Mkopo wa kikoba unataka kurudishwa ndani ya miezi, ilhali nyumba hurudisha fedha zake kwa miaka.

Wengine waliweka matumaini yao kwenye bandari. Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi la bandari ya Bagamoyo, na bei za viwanja zikachochewa na habari hizo. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa hadharani masharti ya wawekezaji, na mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kuyafufua mazungumzo. Katika miaka yote hiyo waliolipa kodi ni wale waliokuwapo tayari: wanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, walimu, wauguzi, wavuvi, watumishi wa halmashauri. Anayejenga Dunda leo afadhali awapigie hesabu hao. Akumbuke na chumvi ya bahari, ambayo hula nondo na mabati mapema kuliko kule bara, na aache kabisa mchanga wa ufukweni kwenye zege.

Mpangaji naye? Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo ulinzi wake mkubwa umebaki kwenye mkataba. Wengi hulipa miezi sita kwa mdomo tu, bila risiti. Mtu aliyetoa fedha zinazomalizia nyumba ya mwenzake amekwisha kuwa mkopeshaji, tena asiyetoza riba. Anastahili karatasi iliyosainiwa inayotaja kiasi alicholipa, tarehe ya kuanza na kuisha, nani atatengeneza bomba likipasuka, na atarudishiwa nini akiondolewa kabla ya muda wake.