Mtoaji Anastahili Habari

Waraka wa Paulo kwa Wafilipi tumezoea kuuhubiri kama waraka wa furaha. Ukiusoma kwa jicho la mtu anayesimamia fedha za huduma, utaona kwamba ni barua ya shukrani kwa wafadhili pia. Kanisa la Filipi lilikuwa limemtuma Epafrodito apeleke msaada kwa Paulo kifungoni, na Paulo anajibu. Anaeleza hali yake na jinsi Injili inavyosonga mbele hata gerezani. Anaeleza kwamba Epafrodito aliugua nusura afe, habari ambayo wengi wetu tungeificha kwa kuhofia kuwavunja moyo waliomtuma. Anakumbuka kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimsaidia zaidi ya mara moja. Anathibitisha kwamba walichompelekea kimemfikia na kimemtosha. Halafu anafunga barua bila kuomba kingine.

Watumishi wanaoniuliza namna ya kuwaandikia wafadhili huwa nawarudisha kwenye waraka huo, kwa sababu huduma nyingi hufanya kinyume chake. Novemba ikifika barua inatoka: salamu katika jina la Yesu, aya mbili za Maandiko, aya ya mahitaji, namba ya akaunti. Kabla ya hapo mwaka mzima ulikuwa kimya. Aliyetoa mwaka jana hajui kama fedha yake ilifika, ilinunua nini, wala kama kisima alichochangia kinatoa maji. Naye akinyamaza, tunasema upendo wake umepoa. Pengine kilichopungua ni habari tu, na habari hizo tulikuwa nazo sisi.

Kazi inaanza siku fedha inapoingia. Stakabadhi itoke ndani ya siku mbili, ikiwa na jina la mtoaji lililoandikwa sawasawa na kiasi kilichopokelewa. Kwa fedha inayotoka nje ya nchi, kiasi pekee hakitoshi. Tuseme mtu ametuma dola 500. Benki yake imekata, benki ya katikati imekata, kwenye akaunti yenu zimeingia 460. Yeye anakumbuka 500. Akikuta 460 kwenye taarifa yenu pasipo maelezo, shaka inaingia, na shaka ya fedha haitoki kwa urahisi. Andikeni kilichotumwa, makato, kilichofika, kiwango cha kubadilishia cha siku ile na jumla yake kwa shilingi. Ni mistari michache ambayo mhazini yeyote anaweza kuijaza. Kama mtoaji yuko Marekani na sadaka yake hupitia taasisi iliyosajiliwa huko, kwa mchango wa dola 250 au zaidi sheria ya kodi inamtaka awe na barua ya taasisi hiyo ndipo adai nafuu. Mhazini wa huku anapochelewa kuthibitisha, anachelewesha na mambo ya watu asiowajua.

Baada ya stakabadhi inafuata taarifa, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa lugha ya mimbarani huingia mahali palipohitaji lugha ya fundi. Mchungaji anaandika: “Wapendwa katika Bwana, kwa neema ya Mungu ujenzi unaendelea vizuri na watu wanabarikiwa sana.” Ni maneno ya kweli, lakini yangeweza kuandikwa na kanisa lolote kuhusu jengo lolote. Linganisha na haya: “Kwa fedha mliyotuma Machi tumenunua mabati 60 ya geji 28. Fundi amemaliza kuezeka upande wa madhabahu. Upande wa mlangoni umesimama, kwa sababu mbao zimepanda bei na tumepungukiwa vipande 14 vya mbili kwa nne. Jumapili mvua ilinyesha, waumini wote wakasogea mbele, ibada ikaendelea hadi mwisho.” Barua ya pili haina sifa wala ombi, ila aliyeisoma analiona paa, anauona upungufu, na anaona kwamba mwandishi hakumficha kitu. Shukrani kwa Mungu inabaki mahali pake. Inapata uzito zaidi ikifuatana na jambo ambalo kweli limetendeka.

Upungufu ule wa mbao ni mfano mdogo wa jambo kubwa. Habari mbaya lazima imfikie mtoaji kutoka kwenu, na mapema. Kama mradi umechelewa, semeni umechelewa na sababu. Kama kijana mliyemlipia ada ya ufundi ameacha masomo, semeni ameacha. Na kama fedha ya bati imeonekana inafaa zaidi kulipia matibabu ya mtu, basi aliyeitoa aulizwe kabla haijaguswa, hata kama mnaamini atakubali. Akiulizwa, mara nyingi atakubali kwa furaha. Akikuta imeshatumika, hata sababu njema kiasi gani itasikika kama utetezi.

Paulo alilijali jambo hili kwa kiwango kinachonishangaza kila nikisoma sura ya nane ya Wakorintho wa Pili. Mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza wazi kwamba anataka mtu yeyote asipate la kumlaumu. Katika barua ya kwanza alikuwa amekwisha kuwaambia Wakorintho wachague wenyewe watu wa kuupeleka. Huyu ni mtume, mwenye mamlaka ya kusema “niaminini”. Viongozi wetu wanaoona kuombwa hesabu ni kudharauliwa wangefanya vema kukaa na sura hizo.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi, ingawa jambo hili linaniuma. Mtoto wa kituo chenu, aliyepigwa picha siku aliyofika akiwa na kaptura iliyochanika, atakuwa mtu mzima, na picha ile itakuwa bado inazunguka. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini hata pasipo sheria, ukiandika habari za mjane, msomee kabla hujaituma. Kama kuna sentensi utakayoona haya kuisoma mbele yake, ifute.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba mfadhili ni mtu wa ng’ambo. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alitoa wito kwamba wamisionari na fedha za nje visitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yapate kusimama yenyewe. Alipingwa sana, lakini swali lake bado liko nasi. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, kumchangia mtumishi aliye wilaya nyingine kumekuwa kazi ya dakika moja. Hata hivyo huduma zetu zinamwandikia mzungu taarifa ya kurasa nane yenye picha za rangi, na mama wa Morogoro anayetuma 2,000 kila mwezi hapati hata meseji. Yeye anaonekana amechangia tu, mfadhili ni yule mwingine. Paulo aliwasifia Wakorintho watu wa Makedonia waliotoa katika umaskini wao, na Wafilipi aliowaandikia barua ile walikuwa Wamakedonia.

Mama huyo hahitaji kurasa nane. Namba yake iko kwenye simu ya mhazini, na jina lake limo kwenye muamala. Aandikiwe hivi: “Shikamoo mama. Tumepokea 2,000 yako ya Juni, Mungu akubariki. Mwezi huu michango yote imefika 318,000, tumelipa nauli za wainjilisti watatu na kununua Biblia 10. Tunakuombea, nasi tuombee safari ya tarehe 12.” Itumwe kwake mwenyewe. Ile desturi ya kubandika kwenye kikundi cha WhatsApp orodha ya majina, kila mmoja na kiasi chake na alama ya tiki, inafaa kwa michango ya harusi ambayo watu wamekubaliana nayo. Kwa sadaka ya huduma naipinga, kwa sababu mwenye 2,000 anajiona yuko chini ya mwenye 50,000, na mwezi ujao akiwa na 1,000 ataona afadhali asitume. Jumla na matumizi yawekwe kikundini kila mtu aone. Kiasi cha kila mmoja kibaki kati yake na mhazini.